“Isipofunguka Je?” Dhana Potofu Kuhusu Kujifunza Kuruka kwa Parachuti

Ukisema unajifunza kuruka kwa parachuti, watu hugawanyika papo hapo. Kuna wanaotaka kujua umekosa nini duniani, na kuna wanaouliza kama utawarusha na wao. Wote wana picha ileile kichwani: mlango wa ndege, mtu anajitupa, halafu parachuti ama ifunguke ama isifunguke. Ndiyo maana maswali yao karibu yote huishia kwenye ile dakika moja ya kuanguka. Leseni ninayoisomea haishughuliki sana na dakika hiyo. Kazi kubwa iko baada ya parachuti kufunguka vizuri, na nyingine iko chini kabla ndege haijawashwa.

Ninajifunzia Florida, Marekani, kwa utaratibu wa USPA, chama cha warukaji cha huko. Leseni ya kwanza inaitwa A. Haya ndiyo ninayoulizwa na ndugu na marafiki tangu nianze, na majibu yake.

“Tumbo litakupanda hadi kooni.”

Hapana. Tumbo hupanda pale unapotoka kwenye utulivu ukaanguka ghafla, kama gari linapopita tuta kwa kasi. Ndege inayorusha watu haijasimama. Inakwenda zaidi ya kilomita 140 kwa saa, na ukitoka mlangoni unatoka na kasi hiyohiyo. Upepo unakupokea kifuani palepale, kisha kasi ya kwenda mbele inageuka polepole kuwa kasi ya kwenda chini. Unapofikia kasi ya juu kabisa, kiasi cha kilomita 190 kwa saa kwa mtu aliyelala kifudifudi, huhisi kwamba unaanguka. Unahisi umelalia kitu kinachonguruma.

Wanaoogopa maghorofa nao hudhani mlango wa ndege ni roshani iliyozidi urefu. Ukiwa juu ya paa unaona ukuta unavyoshuka mpaka chini, na ukuta huo ndio unaoyumbisha kichwa. Kwenye ndege hakuna ukuta. Chini kuna mashamba na barabara kama ramani. Nimekutana na warukaji wazoefu wasiothubutu kupanda ngazi ya kubadilishia taa.

“Huko juu hakuna hewa.”

Kwa kawaida tunaruka kutoka futi 13,500 hivi, yaani kama mita 4,100. Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya wanachopanda watalii kwa miguu, kiko mita 4,985, na watu hupiga picha pale wakicheka. Sheria za Marekani zinadai mrukaji apewe oksijeni ya ziada ndege ikipita futi 15,000. Wakati wa kuanguka unapumua kama kawaida. Anayekosa pumzi mara nyingi ni yule aliyeizuia mwenyewe kwa hofu, na mwalimu atamwambia apige kelele akitoka mlangoni, kwa sababu huwezi kupiga kelele bila kutoa pumzi.

Nikiwa hapo hapo: yale mazungumzo ya angani kwenye sinema hayapo. Upepo unameza kila neno. Mwalimu anaongea kwa vidole mbele ya uso wako. Vidole viwili vilivyonyooka, nyoosha miguu. Kidole kimoja kimekuelekea, fungua sasa. Hata ile video inayoonyesha mtu “akirushwa juu” parachuti inapofunguka ni macho yanadanganywa: aliyefungua anapunguza mwendo tu, mpiga picha ndiye anayeendelea kuporomoka.

“Isipofunguka, basi tena.”

Hili ndilo swali la mama zetu, na linastahili jibu refu.

Kila mrukaji amebeba parachuti mbili mgongoni, kuu na ya akiba. Ile ya akiba huwezi kuikunja mwenyewe kwa sababu tu umejifunza kukunja. Hukunjwa na fundi mwenye cheti, na Marekani ni lazima ifunguliwe, ikaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180 hata kama haijaguswa. Mwanafunzi ana pia kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopima kimo na kasi. Kinachojulikana zaidi ni Cypres, kilichoanza kuuzwa mwaka 1991, kazi ya Mjerumani Helmut Cloth. Ukifika futi 750 hivi bado unaporomoka, kifaa hicho kinakata uzi na parachuti ya akiba inafunguka bila mkono wa mtu.

Hapa ndipo dhana nyingine inapozaliwa: kwamba kama kifaa kipo, hofu ya nini? Piga hesabu. Sekunde 10 za mwanzo zinakula futi 1,000. Baada ya hapo kila futi 1,000 zinakwisha kwa sekunde 5 na nusu hivi. Mwanafunzi anayeruka mara ya kwanza hufungua akiwa futi 5,500. Futi 2,500 ndipo mwisho wa kufikiri: kama hujaridhika na kilicho juu ya kichwa chako, unakiachia na kutumia akiba. Kutoka futi 750 kwa kasi ya kuanguka, ardhi iko mbele kwa sekunde 4. Kifaa kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyezimia au aliyepoteza fahamu za kimo. Anayekitegemea kama mpango wake wa kwanza harudishwi kwenye ndege, na ni haki.

Kwa hiyo unafanya mazoezi mpaka mikono ijue njia yenyewe. Unaning’inizwa kwenye mikanda ndani ya banda, mwalimu anakuonyesha picha ya parachuti iliyoharibika, na wewe unatenda: tazama kishikio chekundu chenye umbo la mto mdogo kulia (cha kuachia parachuti kuu), kishike, tazama kishikio cha chuma kushoto (cha akiba), kishike, vuta chekundu, vuta cha chuma. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiyarudia nikisubiri basi, mikono ikienda kifuani, na watu wa kituoni walianza kunipisha nafasi.

Na si kila kinachotisha ni hitilafu. Siku moja parachuti yangu ilifunguka, nikatazama juu, nikakuta nyuzi zimejisokota kuanzia nyuma ya shingo hadi juu. Kichwa hakiinuki vizuri, kofia ngumu inabanwa, na mwili wote unazunguka polepole upande mmoja. Kitambaa chenyewe kilikuwa wazi, kimenyooka, kinakwenda sawa. Nikatazama altimita mkononi, kimo kipo. Nikatanua nyuzi kwa mikono miwili na kupiga mateke upande wa pili, zikajisokotoa, nikazunguka mara ya mwisho na kubaki nimeelekea kiwanja. Nilipotua, mwalimu hakuuliza kama niliogopa. Aliuliza nilikuwa futi ngapi nilipomaliza.

“Mwalimu amekushika, wewe ni mzigo tu.”

Huyo anachanganya na kurushwa kwa kufungwa pamoja na mwalimu, watu wawili parachuti moja, kama wafanyavyo watalii. Mfumo wa AFF (Accelerated Freefall), ndio ninaosomea, ulioanza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hauko hivyo. Parachuti ni yako tangu siku ya kwanza. Walimu wawili wanakushika kushoto na kulia mpaka unapofungua, na hapo wanabaki chini yako wakiendelea kuanguka. Kutoka hapo uko peke yako angani, na redio sikioni. Sauti inakwambia geuka kulia, subiri, jiandae. Redio huzimika, kwa hiyo kabla ya kupanda ndege unachora mwenyewe njia yako ya kutua kwenye picha ya kiwanja.

“Parachuti inakwenda inakopelekwa na upepo.”

Wengi wetu parachuti tulizozijua utotoni ni zile za duara za askari wa miamvuli. Zinashuka kwa wingi, askari anatua kwa kubiringika. Za michezo ni za mstatili, zina vyumba vinavyojazwa hewa na kuwa umbo la bawa, ubunifu wa Domina Jalbert wa miaka ya 1960. Zinakwenda mbele, zinapinda, zina breki mbili za kuvuta kwa mikono. Ukifika juu ya ardhi mara mbili ya urefu wako hivi, unavuta zote mbili mpaka chini, na ikienda vizuri unasimama kama mtu aliyeshuka ngazi.

Mtu wa Pwani ana faida ndogo hapa. Nahodha wa ngalawa haulizi kama upepo upo, anauliza unatoka wapi, na kutua ni hivyo hivyo. Futi 1,000 unakwenda na upepo mgongoni, ukipita kando ya mahali utakapotua. Futi 600 unapinda na kukatiza. Futi 300 unageukia joshini, uso kwenye upepo, na hapo hupindi tena hata kama mbele kuna matope.

Hicho kipengele cha kutopinda ndicho watu hawakijui, na kukivunja ndiko kunakoua. USPA ilihesabu vifo 10 Marekani mwaka 2023, katika miruko inayokadiriwa kuwa milioni 3.65. Miaka ya 1970 wastani ulikuwa zaidi ya vifo 40 kwa mwaka. Vifaa vimekuwa bora kiasi kwamba sehemu kubwa ya vifo vya siku hizi hutokea chini ya parachuti iliyofunguka bila kasoro yoyote. Mtu anaona uzio au mtu mwingine mbele yake, anapinda kwa nguvu akiwa chini sana, na parachuti inapopinda inapiga mbizi. Basi ile “isipofunguka je?” ni swali zuri, ila mwalimu wangu hulala macho kwa ajili ya swali jingine: ikifunguka, utaifanyia nini?

“Wenye roho ngumu ndio humaliza haraka.”

Humaliza haraka anayeishi karibu na kiwanja na ana subira. Mwanafunzi haruhusiwi kuruka upepo wa chini ukizidi maili 14 kwa saa, yaani kilomita 22 na ushei. Mawingu yakijaa, hakuna kuruka, kwa sababu hairuhusiwi kupita ndani yake. Florida wakati wa kiangazi asubuhi ni kioo, na ikifika alasiri radi zinapanga foleni. Unakaa. Unakula ndizi. Unasikia wazoefu wakisimulia hadithi ambazo nusu yake hupaswi kuziamini. Na ukikaa siku zaidi ya 30 bila kuruka, unarudishwa darasani kidogo kabla ya kupanda ndege.

Wengine hudhani ukimaliza hatua za AFF, zile saba au nane, leseni umeipata. Hapo umepata ruhusa tu ya kuruka bila kushikwa. A inataka angalau miruko 25, na ndani yake mitano ya kuruka pamoja na wenzako, mtihani wa maandishi na wa mdomo, mruko wa kupimwa, na kutua karibu na shabaha. Inataka pia utoke ndege ikiwa chini, futi 5,500 kisha 3,500, na kufungua mara moja, kwa sababu siku injini ikizima rubani hatakupandisha kwanza ili ujisikie vizuri. Nilidhani mruko huo ungekuwa rahisi kwa kuwa ni mfupi. Ukiwa mlangoni unaona ng’ombe, na ng’ombe wana miguu.

Halafu kuna kukunja. Hakuna aliyeniambia habari za kukunja. Lazima ujue kukunja parachuti kuu na kuruka na ile uliyoikunja. Unaitandaza kwenye zulia, unapanga nyuzi, unahesabu vyumba, unaikunja na kuifunga kama gunia jembamba, kisha unapiga magoti juu yake kutoa hewa. Nailoni inateleza. Ukibana kulia inatokea kushoto. Jasho linadondoka kwenye kitambaa, na mfuko unaopaswa kuimeza unaonekana umeshonwa kwa ajili ya parachuti ya mtoto. Vijana wanaokunja kwa malipo wanaimaliza kwa dakika chache huku wakipiga soga. Anayeanza anaweza kumaliza saa nzima, kisha fundi anatazama mkunjo mmoja na kusema: fungua, anza upya.

“Ukipata leseni utanirusha na mimi.”

Hili ni la binamu yangu, na amelirudia kwenye kila simu. Leseni ya A inaniruhusu kuruka bila kusimamiwa, kukunja parachuti yangu kuu, na kuruka na wenzangu kwa mipango ya kawaida. Hata kamera kwenye kofia USPA inashauri isubiri mpaka miruko 200, kwa kuwa mtu anayewaza picha huacha kuwaza kimo. Lile suti la mabawa, 200 pia. Kumfunga abiria kifuani kunataka leseni ya D, ile ya juu kabisa, miruko 500, miaka 3 katika mchezo na cheti cha daktari wa anga, kisha kozi yake.

Kwa hiyo binamu hana haja ya kunisubiri. Yuko Likoni, na Skydive Diani wako Kwale upande huohuo wa kivuko, wanarusha watu kwa kuwafunga na mwalimu na kuwatua ufukweni. Apande matatu ya Ukunda, aulize bei, na asisahau kuuliza upepo wa siku hiyo.