Moyo Unaporuka Pigo na Vipimo Vikasema Uko Sawa

Mama mmoja anayeuza mitumba katika soko la Owino, Kampala, aliketi mbele yangu na bahasha iliyojaa majibu ya vipimo. Alikuwa amepimwa umeme wa moyo mara tatu na picha ya moyo mara mbili, tena damu na eksirei ya kifua. Kila karatasi ilisema hakuna tatizo. "Musawo," yaani daktari, akaniambia, "wananiambia niko sawa, lakini usiku moyo unarukaruka kama samaki ngege kwenye beseni. Kwani mimi ninasema uongo?"

Nilimwomba anigongee mezani kwa kidole jinsi moyo unavyopiga hali hiyo ikianza. Akagonga: to, to, to-to. Akanyamaza kidogo. Kisha akapiga meza kwa nguvu: TO! Wagonjwa wengi wakiombwa kugonga hivyo hukupa habari kuliko wakiulizwa maswali kumi. Mama huyu hakuwa anasema uongo hata kidogo. Alikuwa anaeleza barabara kitu tunachokiita pigo la ziada.

Upande wa juu kulia wa moyo kuna kituo kidogo cha umeme kinachotoa amri ya kila pigo. Mara nyingine sehemu nyingine ya msuli wa moyo hujitolea amri yake kabla ya zamu. Pigo hilo huja mapema, vyumba vya moyo havijajaa damu, kwa hiyo wengi hawalihisi au hulihisi kwa mbali tu. Baada yake moyo hutulia kidogo ukingoja zamu ya kawaida, na katika kutulia huko damu huzidi kujaa. Pigo linalofuata husukuma damu nyingi kwa mkupuo, na hilo ndilo linalokupiga kifuani. Pale unapodhani moyo umesimama, umetulia ukijaa.

Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Ukimfunga mtu mzima mwenye afya kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24, mara nyingi utakuta mapigo ya ziada ambayo mwenyewe hakuyahisi. Usiku huhisiwa zaidi kwa sababu nyumba iko kimya, na ukilalia ubavu wa kushoto moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua.

Lakini kabla ya kumwambia mtu haya, lazima tutafute kwanza, na kutafuta kwenyewe si lazima kuanzie hospitali kuu ya Mulago. Kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne kinaweza kupima malaria, wingi wa damu, sukari, presha na ujauzito. Damu ikipungua, iwe kwa malaria, kwa safura au kwa hedhi nzito, moyo hukimbia ili kufidia. Homa na upungufu wa maji huukimbiza pia. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hukonda, mikono hutetemeka, na moyo hauna raha hata amelala.

Kwa vijana wetu nina hofu zaidi na ugonjwa wa valvu, yaani milango ya moyo, unaoachwa na homa ya baridi yabisi. Mtoto huumwa koo, viungo vikavimba na kuuma, kisha yakasahaulika. Miaka baadaye msichana anabeba mimba, anaanza kukosa pumzi akipanda mlima na moyo unakwenda mbio bila mpangilio. Huyo asiambiwe kwamba ana wasiwasi. Anahitaji picha ya moyo, na anaihitaji mapema.

Usingoje ikiwa umezimia, hasa ukiwa unakimbia au unafanya kazi nzito. Ikiwa kifua kinakubana. Ikiwa unakosa pumzi ukilala chali au miguu inavimba. Au ikiwa kwenu kuna ndugu aliyekufa ghafla angali kijana. Tena kuna moyo unaowaka ghafla kama taa, ukapiga mara 150 hadi 200 kwa dakika, kisha ukazimika ghafla vilevile. Huo mara nyingi ni njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo. Una tiba yake, na mara nyingi hupona kabisa. Ukikupata, nenda upimwe umeme wa moyo ukiwa bado unakimbia, maana ukishatulia karatasi inaweza isionyeshe kitu.

Nitasema kidogo kuhusu maduka ya dawa, kwa kuwa hapo watu wanaumizwa. Mtu anaingia na kusema moyo unadunda, muuzaji anajibu "hiyo ni presha", hata bila kumfunga mashine, kisha anampa nifedipini, dawa ya kushusha presha. Dawa hiyo hutanua mishipa ya damu, presha hushuka, na moyo hujibu kwa kukimbia zaidi. Mgonjwa anarudi kesho amezidiwa, anaongezewa kidonge. Mwingine anapewa propranololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, bila kuulizwa kama ana pumu, na kwa mwenye pumu dawa hiyo inaweza kuziba njia ya hewa. Dawa za mafua zinazozibua pua na zile za kupanua kifua pia huharakisha mapigo. Mairungi, yaani miraa, huharakisha vilevile, na hata vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo madereva wa usiku na vijana wa boda wanakunywa ili wasisinzie. Pombe kali ya waragi ya jana usiku inaweza kuusumbua moyo leo asubuhi.

Tuseme haya yote yametazamwa na hakuna kilichopatikana. Hapa sisi wahudumu tuna deni. Tunamwambia mgonjwa "uko sawa, nenda nyumbani", na yeye anaondoka na moyo uleule, sasa na aibu juu yake. Anakwenda kliniki nyingine. Anaambiwa ni vidonda vya tumbo, kwingine homa ya matumbo, kwingine anameza dawa za malaria ambayo haikupimwa. Nyumbani wanaanza kunong'ona kuhusu jirani mwenye kijicho. Ada ya shule inaisha kwenye bahasha za vipimo. Naamini mengi ya haya yangeepukika kama mtu wa kwanza kumpima angekaa naye dakika kumi akamweleza kinachotokea kifuani mwake.

Kwa sababu hofu nayo ina njia yake ya mwilini. Pigo moja linaruka, unashtuka, na mwili unamwaga adrenalini, kemikali ileile inayokusaidia kukimbia nyoka shambani. Adrenalini inaharakisha moyo na kuzidisha mapigo ya ziada. Unaanza kuhema haraka, hewa ya kaboni inapungua katika damu, midomo na ncha za vidole zinachomachoma, kichwa kinakuwa chepesi. Sasa una hakika unakufa. Hali hiyo hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi kisha hushuka yenyewe, ila ukiwa ndani yake dakika hizo hazina mwisho.

Jambo hili si geni. Mwaka 1871 daktari Mmarekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika kuhusu wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliolalamikia moyo kudunda, kifua kuuma na kuchoka, ilhali wengi wao hakuwakuta na ugonjwa wa moyo wa kuwatosha kuugua hivyo. Nikisoma habari hiyo nawakumbuka watu waliovuka kutoka Kongo na sasa wanaishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali. Mtu aliyekimbia risasi usiku, mwili wake huendelea kukesha hata baada ya yeye kufika salama.

Basi unaishije nayo? Acha kwanza kujipima mapigo kila saa. Yule mama wa Owino alikuwa anashika mkono wake mara zisizohesabika kwa siku, na kila aliposhika moyo ulijibu. Tulikubaliana apime mara moja tu asubuhi: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, dakika nzima kwa saa ya simu, aandike kwenye daftari. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Hali ikianza, keti, vuta pumzi polepole kwa puani ukihesabu hadi nne, itoe polepole zaidi ukihesabu hadi sita, rudia kwa dakika tano. Usikimbie kutoka sokoni au kanisani, maana ukikimbia mwili unajifunza kwamba mahali pale pana hatari. Rudi kutembea na kufanya kazi, taratibu. Nimewaona watu wenye miaka thelathini waliojifungia ndani kama wazee kwa kuuogopa moyo mzima.

Wasiwasi ukikunyima usingizi na kazi kwa majuma mengi, zungumza na wataalamu wa afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Gulu, Mbale na Mbarara, zina vitengo vyao. Najua jina la Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, linawaogofya watu, wanadhani kupelekwa kwa daktari wa akili ni kuitwa mwendawazimu. Sivyo. Mazungumzo yanayokufundisha kuiangalia hofu kwa jicho lingine yana nguvu ya kweli katika tatizo hili, na wengine husaidiwa pia na dawa.

Na ninyi mnaoishi na mgonjwa, msimwambie "acha kufikiria". Mume wa yule mama alikuwa akimpakia kwenye boda kila usiku kumkimbiza kliniki. Alipokuja naye nilimfundisha kuhesabu pumzi. Mara ya mwisho walipokuja, aliniambia hali ilianza saa nane usiku, akawasha taa, akakaa kitandani kando ya mkewe, wakahesabu pamoja. Walipofika mara ya ishirini hivi, mama akamwambia azime taa, mtoto ana shule asubuhi.