Boti ya Tanga: Faiba Tupu au Faiba Yenye Kiini?

Anayetafuta boti ya tanga ya mtumba haishi kuambiwa kwamba ganda la faiba tupu ndilo imara, na kwamba lile lenye kiini, yaani mbao au povu katikati ya tabaka mbili za faiba, lilitengenezwa kwa ubahili. Ukweli ni kinyume, kwa kuwa kiini huongeza kazi na gharama. Chukua faiba ya milimita 10, uigawe iwe ngozi mbili za milimita 5, kisha katikati yake uweke milimita 10 za mbao ya balsa au povu gumu: ganda hilo litastahimili kupindwa takriban mara saba zaidi, ilhali uzito umeongezeka kidogo tu.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba balsa ikishawekwa, kuoza ni suala la muda. Balsa ya boti hukatwa vipande vidogo vinavyosimamishwa ili nyuzi zake zitoke ngozi moja hadi nyingine, na kwa mpangilio huo maji husambaa pembeni kwa taabu. Uozo huanzia kwenye tundu, pale fundi alipopitisha bolti bila kuchimbua kiini kuizunguka na kujaza gundi ya epoksi mahali pake. Gonga kwa nyundo ya plastiki kuanzia mbali ukiukaribia mguu wa nguzo ya ukingo, ile inayoshika kamba ya usalama pembeni mwa sitaha: mlio mkavu, mkali, ukigeuka ghafla kuwa mzito kama wa kugonga gunia, hapo pana maji, au ngozi imeachana na kiini. Povu haliozi, lakini nalo huweza kubanduka.

Wapo pia wanaodhani kuwa faiba tupu haipitishi maji kabisa. Resini ya poliesta, gundi inayoshikanisha nyuzi za faiba, huyanyonya kidogo kidogo, na ganda likatoka malengelenge chini ya mstari wa maji, hasa katika bahari ya joto kama yetu. Malengelenge hayo ni nadra kuzamisha boti, ingawa huipunguzia bei. Faiba tupu ina sifa yake ya haki: ikigonga mwamba, haina kiini cha kulowa, na kuiziba ni rahisi zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huiacha tupu chini ya mstari wa maji na kuweka kiini juu ya mstari huo.

Muuzaji akikuhakikishia kuwa boti yake ni faiba tupu, muulize kuhusu sitaha. Mara nyingi hiyo ina kiini, na ndiyo iliyotobolewa zaidi.