“Hakuna kifaa kama changu”: dhana potofu kuhusu ukaguzi wa hataza za viungio vya injini za ndege

Mvumbuzi anapofika ofisini kwangu hapa Kampala na barua ya mkaguzi wa hataza (haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi) mkononi, malalamiko yake ninayajua kabla hajaketi: “Bwana wakili, huyu mkaguzi amekiri mwenyewe kwamba hakuona popote kifaa kama changu. Sasa hataza ananinyima kwa nini?” Husema hivyo wahandisi waliosomea Soroti, husema hivyo mafundi wa Katwe, na juzi amesema hivyo mtu mwenye shahada ya uzamili. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niijibu kwa maandishi.

Ukweli ni kwamba mkaguzi ana maswali mawili, na mteja huwa amelijibu la kwanza tu. La kwanza ni la upya. Mkaguzi huchukua hati moja iliyotangulia, huisoma peke yake, kisha hulinganisha yaliyomo na kila kipengele cha dai, yaani sentensi inayotaja kile hasa mwombaji anachotaka kilindwe. Kikikosekana kipengele kimoja, hati hiyo haiwezi kuuondoa upya wa uvumbuzi. Mteja akifika hapo hushangilia. Lakini swali la pili, la hatua ya uvumbuzi, halina haja ya kifaa kizima kupatikana mahali pamoja. Linauliza kama mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo, aliye na hati zote zilizokwisha kuchapishwa mezani pake, angefika pale alipofika mvumbuzi bila kuumiza kichwa. Maombi mengi ya vifaa vya kimakanika ninayoyaona hukwama hapo, kwa sababu vipande vyake vingi vimekuwapo kwa miaka mingi na kilicho kipya ni jinsi vilivyounganishwa.

Viungio vya injini, yaani vifaa vinavyoifunga injini kwenye ndege, vinaonyesha jambo hili vizuri kuliko kifaa kingine chochote ninachokijua. Ukiitazama Airbus A330-800 ya Uganda Airlines pale Entebbe, utaona injini zake mbili za Trent 7000 zimening’inizwa chini ya mabawa kwa pailoni (mikono inayoishikilia injini kwenye bawa), ilhali zile za CRJ900 zimefungwa ubavuni karibu na mkia. Kokote iliko, injini haikazwi pande zote kama mashine ya kusaga iliyopigiliwa sakafuni, kwa kuwa inapopata moto hurefuka na kipenyo chake hutanuka. Katika mpangilio uliozoeleka chini ya bawa, kiungio cha mbele hubeba uzito na nguvu za kando, fito za msukumo hupeleka msukumo kwenye pailoni, na kiungio cha nyuma hubeba sehemu ya uzito pamoja na msokoto huku kikiiachia injini nafasi ya kutanuka. Kisha kuna kiungo cha akiba, ambacho tundu lake ni pana kidogo kuliko pini inayopita ndani yake. Katika safari ya kawaida pini haigusi ukingo wa tundu, na kiungo hicho hakibebi chochote. Fito kuu ikikatika, injini husogea kidogo, pini hugota ukingoni, na mzigo huhamia hapo.

Yote hayo yanajulikana. Chukua basi mfano ambao nimeutunga kwa ajili ya maelezo haya. Mwombaji anadai kiungio cha nyuma chenye fito mbili za kubembea na kiungo cha akiba katikati yake. Mkaguzi anatoa hati mbili: ya kwanza ina kiungio cha nyuma chenye fito hizo bila kiungo cha akiba, ya pili ina kiungo cha akiba, lakini kwenye kiungio cha mbele. Hakuna hati hata moja yenye vyote viwili, kwa hiyo upya upo. Hata hivyo, mhandisi anayetaka kiungio cha nyuma kisiachie injini fito moja inapokatika atakichukua kiungo cha akiba cha mbele na kukihamishia nyuma, na hiyo ni kazi ya kila siku ya mhandisi. Barua ikija hivyo, mteja husema mkaguzi “anashona viraka”. Naam, anashona, na sheria inamruhusu, ila ni lazima aonyeshe ni kwa sababu gani mtaalamu angeviunganisha viraka hivyo viwili. Katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya, haitoshi kuonyesha kwamba mtaalamu angeweza kuviunganisha; inatakiwa ionekane kwamba angefanya hivyo akitarajia kulitatua tatizo lililo mbele yake. Marekani nako, tangu Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya KSR dhidi ya Teleflex mwaka 2007, kesi iliyohusu pedali ya gari, mkaguzi halazimiki kupata hati inayosema waziwazi “unganisha hiki na kile”. Akili ya kawaida ya fundi nayo inahesabiwa.

Sasa angalia mahali ambapo mwombaji wetu angeweza kujiokoa. Nyuma ya injini kuna joto kali, na kutanuka kwa ganda la injini hula ile nafasi iliyoachwa kati ya pini na ukingo wa tundu. Ukikihamisha kiungo cha akiba jinsi kilivyo, injini ikipata joto pini itagota ukingoni kabla fito yoyote haijakatika, kiungo kitabeba mzigo kisiopaswa kubeba, na tundu litalika. Tuseme mwombaji alilitambua hilo, akaliweka tundu upande kidogo, hivi kwamba injini ikiwa baridi pini haiko katikati, na ikifikia joto la safari ndipo pini inakaa katikati na nafasi inalingana pande zote. Hati zote mbili hazina neno juu ya jambo hilo, na hakuna chochote ndani yake kinachomsukuma mtaalamu kulifikiria. Hapo kuna hoja ya kupeleka kwa mkaguzi.

Kinachonikera ni kwamba jambo kama hilo huwa limeachwa nje ya madai. Hulikuta kwenye mchoro, pini imechorwa pembeni kidogo ya kitovu cha tundu, bila sentensi hata moja ya kueleza kwa nini. Mteja naye huniambia: “Si linaonekana kwenye picha?” Mkaguzi anapima madai; maelezo na michoro humsaidia kuyaelewa tu. Tena, baada ya tarehe ya kuwasilisha maombi huwezi kuongeza jambo jipya. Kifungu cha 123(2) cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya kinakataza hilo waziwazi, na ofisi nyingine nazo hazina huruma katika suala hili. Faida ya kiufundi ambayo haikuandikwa siku ya kwanza ni vigumu sana kuitetea miaka miwili baadaye. Kwa sababu hiyo siandiki dai hata moja kabla mteja hajaketi na Espacenet, hifadhidata ya hataza iliyo mtandaoni na ya bure, akafungua kundi la B64D 27 linalohusu ufungaji wa injini kwenye ndege, akasoma hati za zamani, kisha akaniandikia kwa mkono wake tatizo ambalo hati hizo zimeliacha. Asiyetaka kufanya kazi hiyo namshauri atafute wakili mwingine.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi.

Wapo wanaoamini kwamba mkaguzi wa hataza anathibitisha usalama wa kifaa. Hathibitishi. Anataka maelezo yatoshe mtaalamu kukitengeneza, basi. Tarehe 25 Mei 1979 huko Chicago, DC-10 ya American Airlines iling’oka injini ya kushoto pamoja na pailoni yake wakati wa kuruka, watu 273 wakafa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba pailoni ilikuwa imeharibiwa na utaratibu mbaya wa matengenezo, uliotumia foklifti kushusha na kupandisha injini na pailoni kwa pamoja. Tarehe 4 Oktoba 1992, Boeing 747 ya mizigo ya El Al ilianguka Amsterdam baada ya injini mbili za bawa la kulia kung’oka, chanzo kikiwa uchovu wa chuma kwenye pini za pailoni. Masuala hayo ni ya mamlaka za usafiri wa anga: hapa kwetu UCAA, Marekani FAA, Ulaya EASA. Kifaa kinaweza kupata hataza na kisiruhusiwe kuruka milele.

Wapo wanaodhani hataza inawapa ruhusa ya kutengeneza. Inakupa haki ya kuwazuia wengine tu. Kiungio chako kikihitaji pailoni yenye hataza ya mwingine, utakwenda kuomba leseni kwake.

“Hataza ya dunia nzima” nayo haipo. Maombi ya PCT (Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza) hukupa muda, kwa kawaida miezi 30 tangu tarehe ya kipaumbele, yaani ya maombi yako ya kwanza, au 31 kwa ARIPO, shirika la kanda ya Afrika la miliki bunifu kule Harare, kabla ya kuingia katika kila nchi au kanda na kulipa ada zake. Na ukiwaonyesha wawekezaji michoro hadharani kabla ya kuwasilisha maombi, Marekani itakuvumilia mwaka mmoja, lakini Ulaya, isipokuwa katika hali chache sana, umeshapoteza upya.

La mwisho ni lile la mteja anayetaka hataza ya Uganda ili aishtaki kila ndege ya kigeni itakayotua Entebbe na kiungio chake. Kifungu cha 5ter cha Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda kinasema kwamba ndege ya nchi nyingine mwanachama inayoingia kwa muda au kwa bahati tu haivunji hataza kwa vifaa vilivyomo katika muundo au uendeshaji wake. Ndege iliyosajiliwa Uganda haina kinga hiyo hapa nyumbani, lakini ndege hizo ni chache. Viungio na injini hutengenezwa kwingine, kwa hiyo bajeti ya mteja ikiwa ndogo, namwambia aanze na nchi zenye viwanda, Uingereza kwa ajili ya Derby, kwenye kiwanda cha injini cha Rolls-Royce, na Ufaransa kwa ajili ya Toulouse, kwenye kiwanda cha Airbus, kisha Marekani, ndipo tuzungumzie Entebbe.