"Serengeti ni kilomita 300 tu" na mengine ninayoyasikia kila wageni wakija

Simu huanza vilevile. "Kaka, nina marafiki zangu wanatua KIA Ijumaa usiku. Jumamosi tunaingia Serengeti, Jumapili jioni tuwe tumerudi Arusha. Si ni kilomita 300 tu?" Naendesha magari ya watalii huku kaskazini, na wiki iliyopita nimeisikia mara tatu. Safari hii najibu kwa maandishi, mdomo umechoka.

Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni kilomita 300 na ushee, hilo sibishi. Lakini njia hii haihesabiwi kwa kilomita, inahesabiwa kwa mageti. Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu unapita kwa kilomita 50 kwa saa. Ukijisahau unapigwa tochi ya trafiki, elfu 30 imekwenda. Lami inaishia Lodoare, geti la Ngorongoro. Hapo kuna foleni ya vibali vya Ngorongoro, maana hata kama unapita tu kwenda Serengeti lazima ulipie, na ukirudi njia hiyohiyo unalipa tena. Kisha unapanda ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, mara nyingi kwenye ukungu mzito, halafu unashuka kwenye vumbi na mawimbi ya changarawe mpaka Naabi. Naabi ni geti la pili, na kibali kingine. Ukishaingia, mwendo wa mwisho ni 50. Jumla ni saa saba au nane, na hapo hujasimama. Nani amewahi kumpitisha mgeni mbele ya twiga wake wa kwanza bila kusimama?

Kinachowaumiza watu zaidi ni saa. Kibali cha Serengeti si cha "siku moja", ni cha saa 24 tangu kilipogongwa. Kuna mteja wangu mmoja aliyeshikilia kwamba tuondoke Arusha saa tatu asubuhi, wageni wapate chai kwa raha. Naabi tukafika saa kumi jioni, kibali kikaandikwa 16:05. Seronera tuliiona jua likizama. Kesho yake nikawaambia saa saba tugeuze. Chui akaonekana juu ya mti, mkia unaning'inia, basi hakuna aliyetaka kusikia habari ya kugeuza. Tulirudi Naabi saa kumi na nusu. Askari akapitisha kidole kwenye karatasi, akatazama saa ya ukutani, hakusema neno, akatugeuzia ile karatasi tujisomee. Dakika 25 zilizozidi zilihesabiwa siku nzima nyingine, kwa kila kichwa na kwa gari. Isitoshe, Lodoare inafungwa saa 12 jioni na mbele yetu kulikuwa na vumbi la saa mbili. Tukalala ukingoni mwa kreta bila kupanga, kwa bei ambayo mwenyeji wao mpaka leo hapendi itajwe.

Kwa hiyo ukiwa na Jumamosi na Jumapili tu, achana na Serengeti. Nenda Tarangire. Ni kama kilomita 120 kutoka Arusha, lami mpaka Kwa Kuchinja, halafu changarawe kidogo tu hadi getini. Toka saa 11 alfajiri, geti likifunguliwa uko karibu. Kuanzia Julai hadi Oktoba, nchi ikikauka, tembo wanajaa mtoni kwa makundi, na ile mibuyu wageni wataikumbuka kuliko simba. Najua jina la Tarangire halina mvuto kama Serengeti kwenye picha za kurusha mtandaoni. Shauri yako. Serengeti ipe usiku mbili, nikikuonea huruma, na tatu nikikupenda.

La pili: "Wako na mimi, watalipa kama mimi." Hawatalipa kama wewe. Getini hawaangalii undugu wala urafiki, wanaangalia pasi ya kusafiria. Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiasi cha nauli ya basi. Mgeni analipa kwa dola, makumi kadhaa kwa saa 24, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Mwenye kibali cha ukaazi ana kiwango chake cha katikati, ila akionyeshe chenyewe, si picha iliyofifia kwenye simu. Watu wanasahau kwamba rafiki Mkenya au Mganda naye anahesabiwa kama wewe, mradi ana kitambulisho. Fedha taslimu usitegemee: ni kadi, au namba ya malipo uliyoitoa mapema. Gari kushuka kreta nako kuna ada yake, kila mteremko.

"Nyumbu wanahama Agosti." Nyumbu wanahama mwaka mzima. Agosti wako kaskazini, wanavuka Mto Mara. Februari wako kusini, pande za Ndutu, wanazaa, na ndama anasimama dakika chache tu baada ya kudondoka. Mimi ningewaleta wageni Februari. Kule mtoni magari huwa mengi mno.

"Afrika joto, jaketi la nini?" Nimeshawafunika watu wazima kwa blanketi la kiti changu asubuhi ya Julai pale ukingoni mwa kreta. Waambie walete jaketi.

"Simba wamezoea watu." Wamezoea gari. Umbo hilo zima, kimya, lisilo na miguu. Ukifungua mlango ukashuka kuokota kofia, umeshakuwa kitu kingine kabisa. Kofia iache, nitakununulia nyingine.

Na kuna hili la nguo, ambalo kila mwenyeji analichukulia utani. Mbung'o wanapenda bluu iliyokolea na nyeusi. Mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo. Mwaka jana nilimpakia kijana mmoja Tarangire na jinzi mpya, bluu haswa. Dawa ya mbu alijipaka chupa nzima, haikusaidia kitu. Kufika saa nne alikuwa amejifunga kanga ya dada wa watu kiunoni, njano, na yule dada hakuipata tena mpaka Arusha.