Majibu ya kipimo ni ya nani?

Mimi ni mnasihi wa VVU, Dar es Salaam. Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni siri: chumbani mnakuwa wawili, mlango umefungwa. Akiingia mteja kiziwi na dada yake wa kumtafsiria, kanuni imekwisha. Mnasihi anamgeukia dada: “Hebu muulize, ana mpenzi?” Hapo usitegemee kusikia ukweli. Nani atataja wapenzi wake mbele ya ndugu ambaye jioni watakula sahani moja na kesho atamwomba nauli?

Wapo watumishi wanaovuka hapo, wakampa dada majibu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamruhusu mzazi au mlezi kuridhia kwa niaba ya mtu asiyeweza kuelewa majibu. Kiziwi hayumo humo, asiyeona pia hayumo. Tangu marekebisho ya 2019, kijana wa miaka 15 anaridhia mwenyewe kupimwa, awe anasikia au hasikii.

Utaambiwa tafuta mkalimani. Sawa, ila wakalimani ni wachache na viziwi wa mji mmoja wanajuana. Anayekuja kliniki huenda ndiye anayetafsiri kanisani kila Jumapili. Kwa hiyo, kwa alama chache nilizojifunza na picha, namuuliza mteja anamtaka nani kabla sijampigia mtu simu. Kenya walitutangulia: tangu miaka ya mwanzo ya 2000 Nairobi ilikuwa na vituo vya kupima ambako mnasihi mwenyewe ni kiziwi. Kalamu na karatasi, ambavyo wenzangu wengi huvikimbilia, vinawafaa waliosoma vizuri tu. Wengi waliokulia lugha ya alama, Kiswahili cha kuandika kwao ni lugha ya pili, na wengine shule hawakuiona.

Kwa wasioona tatizo limehamia kwenye kipimo cha kujipima kwa mate. Kimeletwa ili mtu ajue hali yake peke yake, lakini majibu ni mistari ya kutazama, ndani ya muda maalumu, kwa hiyo anamwita jirani amsomee. Afadhali aje kituoni tumsomee sisi, na kikionyesha ana maambukizi tunarudia kwa vipimo vya kuthibitisha, kama kwa mtu yeyote. Makopo ya dawa ni rahisi zaidi: zungushia rababendi moja kopo la ARV (dawa za kufubaza VVU), mbili la dawa nyingine. (Ngazi na milango myembamba inayowazuia wenye viti vya magurudumu sitaviongelea, kila mtu anaviongelea.)

Kisichoongelewa ni kifafa, ambacho wengi wenye ulemavu uliotokana na ubongo wanacho. Karbamazepini, dawa ya kifafa, inapunguza mwilini dolutegravir, dawa ya VVU iliyomo katika kidonge kimoja cha siku wanachotumia wagonjwa wetu wengi. Anayetumia zote mbili anahitaji dolutegravir asubuhi na jioni, au abadilishiwe dawa ya kifafa. Fenitoini na fenobabitoni, dawa nyingine za kifafa, nazo zina shida hiyo. Dawa hizo hizo hudhoofisha vijiti vya uzazi wa mpango, na msichana akapata mimba huku familia ikidhani amekingwa. Basi daktari wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, aone dawa zote, pamoja na zilizoandikwa kliniki ya afya ya akili.

Halafu kuna ubakaji. Imani kwamba mwenye ulemavu hajaguswa, kwa hiyo hana virusi, inawafanya walengwe. Dawa za kuzuia maambukizi zianze ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, kisha zitumike siku 28. Saa hizo zinahesabiwa toka tendo lilipofanyika. Familia nyingi huzimaliza zikibishana kama binti anasema kweli, na dawa haitakiwi kusubiri hata fomu ya polisi. Aliyembaka akiwa ni wa nyumbani, huenda ndiye atakayemleta kituoni na kujitolea kutafsiri. Hapo namwomba atoke nje, hata kama sina mkalimani mwingine kwa saa hiyo.