Skrubu za mgongo: yasemwayo Tanga na yaliyo kweli

Mkwezi akianguka mnazini, au dereva wa bodaboda akipata ajali njia ya Pangani, ndugu wakaambiwa pingili ya mgongo imevunjika na mgonjwa atafungwa vyuma, maneno huanza palepale nje ya wodi.

"Ukipigwa skrubu mgongoni, umepooza." Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana huwarudisha watu nyumbani wakachuliwe. Skrubu haipitishwi kwenye mfereji unaopitisha uti wa mgongo, yaani neva kuu. Nyuma ya kila pingili kuna vishikio viwili vya mfupa, kulia na kushoto; daktari hupita humo, akifuata picha za eksirei mlemle chumba cha upasuaji. Skrubu ya kiunoni huwa na unene wa milimita 6 hivi na urefu wa 40 hadi 50, na vichwa vyake hufungwa kwenye fito mbili za chuma. Hatari ya kugusa neva ipo, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa. Lakini kuanguka kwenyewe huweza kuuharibu uti kabla daktari hajamwona mtu, na kumkalisha majeruhi mshikaki kwenye pikipiki huweza kumalizia. Mlazeni kwenye ubao, asikunjwe.

"Vyuma ndivyo vitakavyobeba mgongo." Hapana, ni mfupa. Pingili zinapounganishwa, daktari hupandikiza vipande vya mfupa, pengine kutoka nyonga ya mgonjwa mwenyewe, na vyuma hushikilia hadi mfupa uunge, kwa kawaida miezi 6 hadi 12. Usipounga, skrubu hulegea au hukatika, kama waya uliopindwa mara nyingi. Kwa hiyo anayevuta sigara aache kabisa: nikotini huchelewesha mfupa kuunga. Na gunia la nazi lisubiri ruhusa ya daktari.

"Vitaota kutu, na MRI huingii tena." MRI ni kipimo cha picha kinachotumia sumaku kali; skrubu nyingi ni za titaniamu, hazioti kutu wala hazivutwi na sumaku. Picha huingia ukungu karibu na chuma tu; mwambie mapema anayepiga picha kwamba una vyuma.

"Hutainama tena." Wazee huuliza moja kwa moja: nitasujudu? Zikiunganishwa pingili mbili tu za kiunoni, wengi husujudu mfupa ukishaunga, kwani nyonga nazo hufanya sehemu kubwa ya kuinama. Zikiwa nyingi, mgongo hukakamaa zaidi. Muulize daktari ni pingili ngapi, na hadi atakaporuhusu, sali kwenye kiti.