Jicho mkusanyiko: mdudu mdogo anaona nini?

Mwezi usipokuwepo, kipindi ambacho wavuvi wa dagaa hukiita giza, taa zao ukizitazama kutoka Kirumba, Mwanza, utadhani kuna mji wa pili ziwani. Kwenye mtumbwi wenye taa, wadudu wa ziwani hujaa kama moshi: wanazunguka, wanaanguka majini, wanakuingia mpaka puani. Watu husema wanaipenda taa. Kabla ya kukubali, tuliangalie jicho lao.

Jicho la mtu lina lenzi moja. La mdudu ni mkusanyiko wa vijicho vilivyobanana kama vyumba vya sega la nyuki, kila kimoja na lenzi yake na upande wake wa kutazama. Kerengende, ambaye huwinda akiwa angani, anaweza kuwa na vijicho hadi 30,000 katika jicho moja. Inzi mdogo wa kwenye ndizi mbivu ana kama 750. Yuko nyigu wa jamii ya Megaphragma, urefu wake milimita 0.2 tu, mwenye vijicho 29.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana, kwamba inzi akikutazama anaona sura yako mara elfu. Hapana. Kila kijicho kinaleta nukta moja tu ya mwanga, na nukta zote zikiungana ndipo inapatikana picha moja, mfano wa mkeka uliosukwa kwa ukindu mpana. Nyoosha mkono utazame kidole gumba: upana wake machoni ni kama nyuzi 2 za pembe. Nukta moja ya yule inzi wa ndizi ina nyuzi 5 hivi, vidole gumba viwili na nusu. Ukisimama mita 2 kutoka kwake, uso wako wote unaishia kwenye nukta moja au mbili. Macho, pua, tabasamu, havipo kabisa. Jiwe la Bismarck, ule mwamba mkubwa wa Mwanza ulio majini, kwake ni doa lililokolea mbele ya maji yanayong'aa.

Lakini doa linamtosha, na hapo ndipo mimi hustaajabu. Mbu dume wa Anopheles, jamii ya mbu wa malaria, hukusanyika jioni juu ya alama iliyokoza ardhini, wakingoja majike; jike akifika, humtambua kwa mlio wa mabawa. Jicho limeonyesha mahali, kazi iliyobaki ni ya masikio.

Kwa kasi, inzi anatushinda mbali. Sisi mwanga ukimemeta zaidi ya mara 60 hivi kwa sekunde tunauona umetulia. Inzi wa nyumbani anaufuatilia hata ukipita mara 200. Umeme wetu ni wa hertz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una vilele viwili, hivyo tyubulaiti ya zamani humemeta mara 100 kwa sekunde. Kwako inawaka tu; kwake inawaka na kuzimika. Ndiyo sababu kofi lako humfikia taratibu, naye ameshaondoka.

Rangi nazo zina mgawo wake. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch alithibitisha mwaka 1914 kwamba nyuki wanaona rangi, ila nyekundu hawaipati. Badala yake wanaona miali ya urujuanimno, ambayo sisi hatuioni.

Sasa turudi kwenye taa. Mwaka 2024 watafiti waliotumia kamera za kasi walionyesha kwamba wadudu wengi wanaorukia taa hawaifuati. Wanaigeuzia mgongo. Kwa mamilioni ya miaka, upande wenye mwanga zaidi, hata usiku, umekuwa ni juu angani, na mdudu mdogo hujua juu ni wapi kwa kuuelekeza mgongo huko. Taa inapowaka karibu naye, juu inahama. Akiwa pembeni, anainama na kuanza kuzunguka. Akipita juu yake, mgongo unageukia chini, anapinduka na kuporomoka. Kwenye mtumbwi, anakoporomokea ni majini, ambako dagaa wamepanda kula.